Mgao wa kujikatia mwenyewe: namna ya kupunguza umeme wa hita kwenye baridi la Québec bila familia kuganda

Wadau wa baridi, mlioko Montréal, Gatineau, Sherbrooke na kwingineko huku, hii kitu nimeulizwa mara nyingi sana kwenye harusi na misiba (maana huku ndo tunakutana humo tu) mpaka nimeona niiandike mara moja nipumzike. Swali huwa ni lile lile: nimeletewa meseji na Hydro-Québec (shirika la umeme la mkoa huu) kwamba kesho kuanzia saa 10 jioni nipunguze umeme, nje ni -22, nina watoto wadogo, sasa nizime hita tufe?

Huzimi kitu ndugu yangu. Unapasha nyumba mapema alafu unaiacha ikae na joto lake kama chai kwenye chupa. Hayo mengine yote nitakayoandika hapa chini ni namna tu ya kufanya hivo bila kugombana na mama watoto.

Kule nyumbani mgao tunaujua, umeme ukikatwa umekatwa, unaskia tu mtaa mzima "aaaah!" basi mnatafuta mshumaa. Huku mgao unajikatia mwenyewe, unaambiwa siku moja kabla, na ukijikatia vizuri unalipwa. Kwa nini wakulipe? Kwa sababu Québec nyumba nyingi sana zinapashwa kwa umeme, siyo gesi, mabwawa yapo mengi na umeme wa maji bei yake ni nafuu ukilinganisha na mikoa mingi ya Kanada. Kiangazi wanakuwa nao wa kutosha mpaka wanauzia majirani Wamarekani. Shida inakuja masaa machache ya baridi kali, asubuhi watu wakiamka na jioni wakirudi, plinti (hita za umeme za ukutani) zote za mkoa mzima zinavuta kwa pamoja, boila za maji ya moto zinavuta, majiko yanavuta. Tarehe 3 Februari 2023 matumizi yalipita megawati 42,000, wakavunja rekodi yao. Bwawa letu la Julius Nyerere pale Rufiji uwezo wake ni megawati 2,115, kwaiyo piga picha ya mabwawa karibu 20 ya namna ile yote yakizunguka kwa pamoja, na bado ni kwa ajili ya masaa ya kuhesabika kwa mwaka. Kujenga bwawa jipya kwa ajili ya masaa hayo ni hasara, ni rahisi zaidi kukupa wewe hela usogeze matumizi yako mbele au nyuma. Masaa hayo huku wanayaita pointe, na sisi tunasema tu pointi.

Kabla ya yote: bili ni ya nani?

Kama umepanga nyumba ambayo joto limo ndani ya kodi (kwenye tangazo wanaandika chauffé) basi bili ya hita siyo yako, hapa hamna cha kwako, endelea na maisha. Lakini kama 3½ yako au 4½ yako (ile nusu ni bafu, mgeni usishangae) ina plinti, yani zile hita ndefu za chuma zinazokaa chini ya dirisha na zinalia tik tik tik zikianza kupata moto, na bili ya Hydro-Québec inakuja kwa jina lako, basi kaa tuongee.

Hatua ya 1: chagua mpango, na usianze na ule mkali

Kuna njia mbili za kujiunga, zote unaomba kwa akaunti yako ya mteja mtandaoni kabla msimu haujaanza, na msimu ni 1 Desemba mpaka 31 Machi.

Ya kwanza inaitwa crédit hivernal. Unabaki na bei yako ya kawaida, ile Tarif D, na pointi ikitangazwa wanaangalia kwa kawaida ungetumia kiasi gani, wanalinganisha na ulichotumia kweli, alafu kila kilowati-saa uliyopunguza (ndo ile ile yuniti tunayonunua kwenye LUKU) wanakurudishia zaidi ya senti 50. Ukishindwa siku hiyo, mtoto anaumwa, wageni wamekuja, hupati kitu lakini hamna faini wala lawama.

Ya pili ni Tarif Flex D. Hapo umeme wa baridi yote unakuwa na bei ya chini kuliko kawaida ila masaa ya pointi kila yuniti ni zaidi ya senti 50, mara kadhaa ya bei uliyozoea. Ukijipanga unaokoa vizuri, ukisahau siku tatu nne umeliwa. Jumla ya masaa ya pointi kwa msimu mzima haizidi 100, na kumbuka siku moja inaweza kuwa na pointi mbili, ya asubuhi na ya jioni.

Mi ushauri wangu, msimu wa kwanza nenda na crédit hivernal, ujifunze nyumba yako bila presha. Flex D ni ya mtu anayejua tayari nyumba yake inashuka vipi. Kuna jamaa kaingia Flex D moja kwa moja kwa sababu bei ya chini ilimvutia, ana watoto wanne wa umri wa kuoga dakika 25, nisiseme mengi.

Alafu kuna Hilo, huduma ya Hydro-Québec hao hao, hiyo wanakuwekea thamostati (vile vidude vya ukutani vya kupanga joto) zenye intaneti, zinapasha na kushusha zenyewe pointi ikifika. Nzuri kwa mtu ambaye mchana yuko kazini. Ila hata ukiwa nayo soma hatua zinazofuata, maana mashine haijui kwamba bibi yuko chumba cha kona.

Kuhusu saa angalia sana hapa. Pointi ya asubuhi inaanza 6 h ya kwao, ambayo ni saa 12 yetu asubuhi. Ya jioni ni 16 h mpaka 20 h, yani saa 10 jioni mpaka saa 2 usiku. Mzee mmoja tunasali nae alisoma 6 h akaelewa saa 6, akazima plinti zote mchana saa 6 kamili akakaa na koti sebuleni masaa matatu, anangoja pesa.

Hatua ya 2: jua yuniti zako zinaenda wapi

Watu wengi pointi ikifika wanakimbilia kuzima taa. Taa za LED za nyumba nzima hazifiki hata wati 100, unakaa gizani bure. Wanaokula umeme ni hawa: plinti ya sebule wati 1,500 mpaka 2,000, ya chumba 1,000 hivi (mafundi huku wanahesabu kama wati 100 kwa kila mita moja ya mraba), boila la maji ya moto elementi yake ni wati 3,000 mpaka 4,500, mashine ya kukausha nguo (draya) kama 5,000, oveni 2,000 na zaidi, na kama una gari la umeme chaja yake ni 7,000 hivi, hiyo peke yake ni sawa na nyumba nzima ya jirani.

Sasa ukipanga hiyo listi kwa maumivu badala ya kwa ukubwa, unaona kitu kizuri. Draya hamna anayeisikia ikikaa kimya. Gari nalo halilalamiki. Mashine ya vyombo inangoja. Kwaiyo hizo ndo za kwanza kuondoka kwenye masaa ya pointi, na zinaondoka asilimia mia bila mtu kuhisi baridi hata kidogo. Zinafuata vyumba visivyo na mtu. Sebule na chumba cha mtoto mchanga vinakuwa mwisho kabisa kwenye foleni, na pengine havifikiwi. Ukianza na sebule umeanza na vita.

Hatua ya 3: pima chupa yako

Hii watu wanairuka na ndo maana wanaganda. Kuna chupa ya chai inakaa na moto mpaka kesho yake na kuna ile ya bei poa ambayo ukimimina saa 1 saa 3 ni uvuguvugu. Nyumba ni hivo hivo, na huwezi kujua yako ni ipi mpaka upime.

Chagua siku ya baridi ya kweli, -15 kushuka, ambayo siyo ya pointi. Saa 10 jioni nyumba ikiwa imetulia kwenye joto lako la kawaida, shusha thamostati zote mpaka 17 ili plinti zilale. Weka kipimajoto cha kawaida katikati ya chumba, mbali na dirisha, na andika kila nusu saa. Mi ninakaa ghorofa ya pili, nina jirani juu na chini, nje ilikuwa -18: nilianza na 21.5, saa 11 ilikuwa 21, saa 12 ikawa 20.3, saa 1 ikawa 19.7, saa 2 usiku 19. Digrii mbili na nusu kwa masaa manne, chupa nzuri. Lakini chumba cha watoto kiko kwenye kona, kuta mbili zinatazama nje, hicho kilishuka digrii 4 kwa muda ule ule. Kama nisingepima ningekuwa nimeweka namba moja nyumba nzima na watoto wangelala na baridi wakati mimi sebuleni najisifu.

Ikiwa yako inashuka digrii moja kila saa au zaidi, kwanza ziba matundu ndo uje kwenye hatua inayofuata. Washa kijiti cha ubani au udi, siku yenye upepo, pitisha taratibu pembeni mwa fremu za madirisha, chini ya mlango wa nje, kwenye soketi za ukuta wa nje. Pale moshi unapopinda ghafla ndo baridi linapoingilia. Madukani wanauza karatasi ya plastiki ya kubandika kwenye fremu ya dirisha, unaibandika alafu unaipuliza na mashine ya nywele inakaza kama ngozi ya ngoma. Haina urembo lakini inafanya kazi kuliko hita ya pili. Mlangoni weka taulo lililoviringishwa, hiyo hata duka hamna haja.

Hatua ya 4: pasha kabla, na hapa usikimbie

Pointi ya jioni inaanza saa 10. Wewe unaanza saa 8 mchana. Sebule iliyokuwa 21 ipandishe mpaka 23, vyumba vilivyokuwa 20 vipandishe mpaka 21 na nusu hivi.

Kwa nini masaa mawili? Kwa sababu nusu saa ya kwanza unapasha hewa tu, na hewa haina kitu, ukifungua mlango imekwenda. Joto linalokaa ni la kuta, sakafu, makochi, magodoro, kabati lililojaa nguo, hivyo vinachukua muda kunywa joto na vinachukua muda kulitoa. Mtu anayekumbuka saa 10 kasoro robo akapandisha mpaka 26 anapata chumba chenye hewa ya moto na kuta za baridi, saa 11 anatetemeka na anasema huu mpango ni wa wizi. Na usipite hizo digrii mbili, mbili na nusu, maana kwanza watu wataanza kutoka jasho na mmoja atafungua dirisha (nimeshuhudia, nyumbani kwangu, sitaji mtu), pili joto linavuja zaidi kadri ndani na nje vinavyoachana.

Saa 10 ikifika shusha thamostati mpaka 18. Hapa ndo mabishano yanakuwaga makubwa. Watu wanasema 18 ni baridi, mi naweka 21. Sikia, kuweka 18 siyo kukaa kwenye 18. Namba ya thamostati ni sakafu, nyumba ikifika pale ndo plinti inaamka. Nyumba yangu ikianza na 23 inafika saa 2 usiku iko kama 20, haijagusa sakafu, plinti zimelala masaa manne yote. Wewe uliyeweka 21 ukidhani unajihurumia, baada ya masaa mawili na nusu hivi nyumba imefika 21, plinti zimeamka zote, na kuanzia hapo unatumia karibu sawa na siku ya kawaida, umepoteza na hela, na joto ulilojiwekea hujalitumia lote. Kwaiyo panda kidogo na shuka sana, siyo kupanda sana na kushuka kidogo.

Pazia funga jua likizama, na Desemba Montréal jua linazama saa 10 na dakika kadhaa, kwaiyo pointi na giza vinaingia pamoja. Ila pazia lisining'inie juu ya plinti, kata au pandisha, kwanza ni hatari ya moto, pili plinti zikirudi usiku unakuwa unapasha dirisha badala ya chumba. Kochi nalo livute kidogo mbele lisizibe.

Kama mchana hamna mtu nyumbani unahitaji thamostati ya kupangia saa. Zile za kizamani za kuzungusha hazifai kwa hii kazi, mshale unaonyesha 20 chumba kiko 23. Ukinunua hakikisha ni ya plinti za volti 240, zile maarufu za kwenye matangazo nyingi ni za mifumo ya joto la kati na hapa hazifungi. Sinopé na Stelpro ni za huku huku na mafundi wanazijua. Na tafadhali, hiyo ni volti 240 ndani ya ukuta, kwa sheria ya Québec hiyo kazi ni ya fundi umeme mwenye leseni, kama umepanga ongea na mwenye nyumba kwanza, wengine wanakubali kulipa nusu ukiwaeleza vizuri.

Hatua ya 5: ya asubuhi ina mtego wake

Wengi wetu tumefundishwa kushusha joto usiku tukilala na kupandisha asubuhi tukiamka. Ushauri mzuri, isipokuwa siku ya pointi ya asubuhi, maana unaamka saa 12 unapandisha kila kitu kwa pamoja, yani umeikusanya nyumba nzima ukaiweka katikati ya pointi yenyewe. Siku hiyo panga thamostati ipandishe kuanzia saa 10 alfajiri, ukiwa umelala, na saa 12 kamili ishuke.

Lakini usipashe nyumba nzima. Asubuhi mnatumia wapi? Bafuni na jikoni. Basi pasha hivyo viwili mpaka 22, 23. Chumba cha watu wazima kiache na 17 au 18 yake, chini ya blanketi zito usingizi wa 18 ni mtamu, ukikipasha saa 10 alfajiri mtaamka na koo kavu mmetupa blanketi. Watu wanatoka saa 1, saa 2, nyumba inabaki tupu na hamna wa kuhisi. Pointi ya asubuhi mi naiona ni rahisi kuliko ya jioni, ila ukisahau kupanga usiku basi imepita.

Hatua ya 6: maji ya moto na sufuria

Kuoga dakika 10 kwa bomba la lita 9 kwa dakika ni lita 90. Januari maji yanayoingia toka barabarani ni ya barafu, tuseme digrii 5, unayataka 40. Hiyo ni yuniti 3 na nusu na zaidi kwa mtu mmoja. Kwenye Flex D wakati wa pointi ni karibu dola 2 kuoga mara moja, watu watatu wakioga jioni ile akiba yote ya plinti imeingia kwenye shimo la bafu. Kwaiyo watoto waoge wakitoka shule kabla ya saa 10 kama inawezekana, au baada ya saa 2, au waoge kesho, hamna aliyekufa.

Usilicheze boila lenyewe. Kuna wanaoshusha joto la boila ili kuokoa, hapana, liache kwenye digrii 60, chini ya hapo kuna bakteria wa legionela wanaozaliana kwenye maji ya uvuguvugu na wanaleta homa mbaya ya mapafu. Huna haja ya kulizima pia. Kama hamna anayefungua maji ya moto boila haliamki, linakaa na joto lake masaa manne bila shida. Dhibiti mabomba, boila litajidhibiti.

Chakula ndo kitamu. Maharage chemsha mchana, au usiku uliopita. Mchuzi pika saa 9, funika sufuria, izungushie taulo nene weka ndani ya oveni iliyozimwa au kwenye kapu lenye blanketi, saa 1 usiku bado unachoma ulimi. Chai ijazwe chupa zote mbili. Kinachobaki ni ugali peke yake, na ugali hauwezi kupikwa saa 9 ukaliwa saa 1, hilo tukubaliane, dakika 15 za jiko moja ni chini ya nusu yuniti, songa ugali wako kwa amani. Oveni na kuku mzima, hapana, hiyo ya Jumapili.

Hatua ya 7: pasha mtu

Mwaka juzi mama mkwe alikuja kukaa nasi miezi mitatu, Januari yote. Pointi ya kwanza mi nikafanya kila kitu kama kwenye karatasi, kipimajoto kinasoma 20.5, nimekaa najipongeza. Mama kakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha kubwa, kanga mbili, kimya. Nikamuuliza, "Mama, unasikia baridi?" Akasema, "Baba, mimi sijambo, ila hili dirisha linaninyonya." Nikaenda nikakaa pale pale alipokaa. Kweli bwana, upande wa kushoto wa uso unahisi kama friji imeachwa wazi, na kipimajoto bado 20.5. Kioo cha baridi kinavuta joto la mwili wako hata hewa ikiwa sawa. Tukahamisha kiti ukutani kwa ndani, tukafunga pazia, tukamwekea blanketi ya umeme magotini, ile inakula wati 100 tu wakati plinti ya pale inakula 1,500. Nusu saa baadae ananiambia zima hiyo kitu inaniunguza.

Toka siku hiyo kabla ya pointi nahamisha viti kabla sijagusa thamostati. Zulia sakafuni, soksi nzito, kandambili za manyoya mlangoni, watu wote chumba kimoja na milango mingine imefungwa, watu wanne na televisheni ni kama hita ndogo. Hewa ikiwa kavu sana pia unahisi baridi zaidi, ila usiongeze unyevu ovyo, asilimia 30 mpaka 40 inatosha kwa msimu huu, ukiona maji yanatiririka kwenye vioo asubuhi umezidisha na ukungu mweusi utaota kwenye kona za vyumba vile ulivyoviacha na baridi.

Na kuna nyumba ambazo hazifai kushiriki kwa hita kabisa. Mtoto mchanga, mzee sana, mtu wa moyo au pumu au selimundu, chumba chake kisishuke chini ya 20, na sehemu nyingine za nyumba zisishuke chini ya 18, ambayo ndo kiwango Shirika la Afya Duniani linalopendekeza. Wewe shiriki kwa draya, maji na oveni, kile kidogo utakachopata ni halali yako na unalala bila wasiwasi.

Makosa ambayo yana gharama

Usizime plinti kabisa wala kushusha mpaka 10 kwenye chumba chenye bomba la maji kwenye ukuta wa nje. Baridi langu la kwanza nilifanya hivo jikoni, kwenye -27, nikiwa na tamaa ya kuona namba kubwa. Asubuhi bomba la sinki halitoi kitu, nimeinama chini ya kabati na mashine ya nywele saa nzima, namshukuru Mungu halikupasuka. Sasa jikoni hakushuki chini ya 16, na kabati la chini ya sinki linaachwa wazi ili joto la chumba liingie.

Jiko la mkaa au la gesi ya nje usiingize ndani hata kwa dakika kumi, hata ukifungua dirisha. Aprili 2023 barafu ilipoangusha nyaya na Montréal kukosa umeme kuna watu walikimbizwa hospitali kwa sumu ya monoksidi ya kaboni kwa sababu walipikia na kuota moto ndani. Haina harufu, unasinzia tu.

Alafu saa 2 usiku ikifika usipandishe kila kitu kwa mpigo. Fikiria kila nyumba ya mtaa ikifanya hivo dakika ile ile. Rudisha sebule kwanza kama bado mnakaa, vyumba nusu saa baadae, nguo na vyombo washa ukienda kulala. Kama mnalala saa 4 sebule hata usiirudishe, iache na 18 yake mpaka asubuhi.

Baada ya pointi: soma mchoro

Kwenye akaunti yako ya mtandaoni unaona matumizi saa kwa saa. Siku inayofuata fungua uangalie. Nyumba kama yangu jioni ya baridi kali inakula kama yuniti 20 kwa yale masaa manne, siku ya pointi tunashuka mpaka 7 hivi, yuniti 13 kwa zaidi ya senti 50 ni dola 6 na nusu na kitu kwa jioni moja. Jioni 20 za hivo kwa msimu ni dola 130 na zaidi, viatu vya barafu vya watoto wawili vimepatikana.

Andika kwenye karatasi ya friji: nje ilikuwa ngapi, ulianza na ngapi, ulimaliza na ngapi, nani alilalamika. Pointi tatu nne za kwanza ni za kurekebisha, digrii moja hapa, nusu saa pale. Mchoro mzuri unakuwa na mlima saa 8 mpaka saa 10, alafu bonde tambarare mpaka saa 2 usiku. Ukiona bonde linapanda taratibu kuanzia saa 12 na nusu, umeweka sakafu juu sana au kuna chumba kinavuja. Na ukiona nundu moja kali imesimama peke yake saa 1 usiku, usihangaike na thamostati, uliza nani alioga.